Vyombo Visivyo na Mabaharia: Siku Moja Katika Ziwa la Spreckels

Magharibi mwa mji wa San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, iko bustani ndefu iitwayo Golden Gate Park. Urefu wake wapata kilomita 5, upana wake wakaribia mita 800, na mwisho wake wa magharibi hugota ufukweni mwa Bahari ya Pasifiki. Mgeni apitaye chini ya miti yake mikubwa hawezi kudhani kwamba mahali hapo palikuwa vilima vya mchanga mtupu, uliopeperushwa huku na huku na pepo za bahari. Kazi ya kuugeuza mchanga ule kuwa ardhi ya miti na majani ilianza katika miaka ya 1870, ikaendelea kizazi baada ya kizazi. Hata leo, karibu na pwani, vimesimama vinu viwili vya upepo vilivyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuyavuta maji ardhini na kuinywesha bustani. Upepo uliokuwa ukiharibu ndio uliotiwa kazini.

Ndani ya bustani hiyo, upande wa kaskazini, karibu na zizi la nyati wa Kimarekani ambao wamefugwa humo tangu miaka ya 1890, liko ziwa dogo liitwalo Spreckels. Si ziwa la asili. Lilichimbwa kwa makusudi, likakamilika mwaka 1904, na limepewa jina la Adolph Spreckels, mtu wa ukoo uliotajirika kwa sukari, aliyekuwa miongoni mwa makamishna wa bustani. Makusudi ya kuchimbwa kwake ndiyo yaliyotufanya tulisafirie. Halikuchimbwa kwa ajili ya uvuvi, wala kuogelea, wala watu kupanda mashua. Lilichimbwa kwa ajili ya vyombo vidogo visivyopandwa na mtu. Kingo zake zimesakafiwa, na njia imelizunguka pande zote, ili mwenye chombo aweze kukifuata kwa miguu kokote kiendako.

Tulikuwa watu watano: sisi wazazi, watoto wetu wawili, na shangazi yao, ambaye ni fundi cherehani wa Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliyetupeleka ni mwenyeji wetu, kijana wa nyumbani aliyehamia mji wa Oakland, ng'ambo ya ghuba. Alipotueleza tunakokwenda, Shangazi alimtazama kwa muda kabla ya kusema lolote.

“Mwanangu,” akamwambia, “watu wazima wenye mvi wanachezea mashua za watoto, na sisi tumevuka bahari mbili kuja kuwatazama?”

“Shangazi, twende tu,” akajibu kijana kwa adabu. “Ukichoka, tutaondoka.”

Swali la Shangazi lilikuwa swali la haki. Wakati ni amana, na mzazi anao wajibu wa kuuliza kama mchezo fulani unamjenga mtoto au unamla siku zake. Basi tulikwenda na swali hilo mkononi, na makala haya ni maelezo ya tulichokiona.

Tulifika asubuhi ya Jumamosi mwezi wa Julai. Watoto walikuwa wamevaa nguo nyepesi, kwa kudhani kwamba kiangazi cha Marekani ni joto kila mahali. San Francisco ina desturi yake. Katika miezi hiyo, nchi ya ndani ya California huchemka kwa jua, hewa yake ya moto hupanda, na hewa ya baridi kutoka baharini huvutwa kuja kujaza nafasi. Ukungu hutanda, na upepo wa magharibi huongezeka kadiri mchana unavyosonga. Watu wa pwani yetu wanaozijua kaskazi na kusi wataelewa mara moja: mji ule nao unaishi kwa saa ya upepo. Waliolichimba ziwa lile walijua wanachokifanya.

Chama kilicholiomba ziwa hilo kingalipo. Kinaitwa San Francisco Model Yacht Club, na kilianzishwa mwaka 1898. Kabla ya hapo wanachama wake walikuwa wakishua vyombo vyao katika ziwa jingine la bustani hiyo hiyo, wakigombea nafasi na watu wenye mashua za kutembelea. Jengo lao lililo kando ya maji lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati ambapo serikali ya Marekani ilikuwa ikiwapa kazi za umma watu waliokosa ajira. Tulikaribishwa tuingie. Ndani, vyombo vimepangwa juu ya marafu kama vitabu vya maktaba: vingine vya mbao ing'aayo, vingine vya faibaglasi, milingoti imelazwa, tanga zimekunjwa. Msomaji asidhani ni vitu vya kuchezewa katika beseni. Kidogo kabisa kilifika mita moja, na vikubwa vilihitaji watu wawili kuvibeba.

Mwaka huo wa 1898 una jambo jingine. Katika mwaka huo huo, upande wa pili wa Marekani, mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York chombo kidogo cha chuma kikielea katika bwawa la ndani ya ukumbi, nacho kikigeuka na kuwasha taa zake bila ya kuguswa wala kufungwa waya. Alikuwa akikiongoza kwa mawimbi ya redio. Inasimuliwa kwamba wapo waliodai kuwa ni uchawi, na wapo waliodai kuwa amemficha ndani yake nyani aliyefundishwa. Kwa hiyo chama kile cha San Francisco na ufundi wa kuongoza chombo kwa redio ni watu wa rika moja, ingawa ilichukua miongo mingi kabla ya kukutana. Kwa muda mrefu wanachama waliviachia vyombo vyao viende kwa tanga na sukani iliyotegwa kabla ya safari, wakavikimbilia ufukweni wakiwa na fimbo ndefu, ili kila kimoja kikifika ukingoni kisukumwe kielekee upande mwingine. Ndiyo maana njia ikalizunguka ziwa. Siku hizi wengi husimama mahali pamoja, rimoti mkononi.

Mwenyeji wetu alitukutanisha na mzee mmoja, mwanachama wa miaka mingi, ambaye alikuwa amekaa juu ya kiti cha kukunja na mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka kama kumi na miwili. Mbele yao, juu ya kitako cha mbao, kilisimama chombo chao, na juu ya tanga lake iliandikwa namba 41. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alituambia kwamba yeye ndiye mjenzi na mjukuu ndiye nahodha, kwa kuwa chombo kikishapita katikati ya ziwa yeye haoni ila weupe unaotembea.

Walikijenga kwa majira mawili ya baridi. Kwanza walisimamisha juu ya ubao vipande vilivyokatwa kwa umbo la mataruma, wakavizungushia vipande vyembamba vya mbao ya mwerezi, kimoja baada ya kimoja, kila kimoja kikigandishwa kwa gundi na kungojewa kikauke. Mwili ulipokamilika, waliviondoa vile vipande vya umbo, chombo kikabaki kama ganda la yai. Nje na ndani kilipakwa gundi ya epoksi na kitambaa chembamba cha faibaglasi, kikasuguliwa kwa msasa, kikapakwa tena, kikasuguliwa tena. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu, ambao kwa desturi hutanguliza mbao na kuyatia mataruma baadaye, wangeufahamu utaratibu ule bila ya mkalimani. Tofauti ni kwamba hapa hapana kalafati wala misumari.

Mtoto wetu mkubwa aliuliza swali ambalo nasi tulikuwa nalo: kwa nini chini ya chombo umening'inia upanga mrefu wenye donge la risasi mwishoni, ilhali majahazi yetu hayana kitu hicho? Mzee alifurahi, akachora kwa kidole juu ya sakafu yenye unyevu. Jibu lake ni hili. Chukua chombo na ukipunguze vipimo vyake vyote mara mbili. Katika upepo ule ule, nguvu inayotaka kukilaza itapungua mara nane, kwa sababu tanga limepungua mara nne na mlingoti mara mbili. Lakini nguvu ya uzito inayotaka kukisimamisha itapungua mara kumi na sita, kwa sababu uzito umepungua mara nane, na mkono wa kuuvutia umepungua mara mbili tena. Kwa hiyo kila chombo kinavyokuwa kidogo, upepo unakizidi nguvu. Jahazi kubwa hutosheka na farumi ya mawe ndani ya ngama. Chombo kidogo ni lazima farumi yake ishushwe mbali chini ya maji, ndipo kiweze kusimama.

Zipo kanuni za dunia nzima zinazotawala vipimo hivi. Daraja moja mashuhuri, lililowekewa kanuni zake mwaka 1988, huitwa International One Metre. Urefu wa mwili wa chombo hauruhusiwi kuzidi mita 1, na uzito wake wote hauruhusiwi kupungua kilo 4. Katika hizo kilo 4, upanga pamoja na risasi yake huchukua kilo 2.2 hadi 2.5, yaani zaidi ya nusu ya chombo kizima iko chini ya maji, mahali pasipoonekana. Daraja la zamani zaidi, liitwalo Marblehead kwa jina la mji wa pwani ya mashariki lilikoanzia mwaka 1930, lina chombo cha inchi 50, takriban mita 1.27. Na wapo wanaojenga mifano ya majahazi makubwa ya mashindano ya miaka ya 1930. Jahazi liitwalo Ranger la mwaka 1937 lilikuwa na urefu wa mita 41 hivi. Ukilipunguza mara kumi na sita, utapata chombo cha zaidi ya mita mbili na nusu, kirefu kuliko mtu yeyote aliyekuwapo pale.

Ndani ya mwili wa chombo, chini ya kifuniko kidogo kilichozibwa vizuri kwa maji kuingia, mna vitu vinne tu: betri, kipokezi cha redio, mota ndogo ya sukani, na winchi ya kuvuta na kulegeza demani, ile kamba inayolishika tanga. Rimoti ina vijiti viwili. Mkono mmoja una sukani, mkono mwingine una demani. Katika daraja la mita moja, kanuni haziruhusu zaidi ya hapo. Mota ya kukisukuma chombo haimo. Anayekisukuma ni upepo, na upepo hauna rimoti.

Mzee alitueleza kuwa zamani kila chombo kilikuwa na masafa yake ya redio, na namba za masafa ziliandikwa juu ya ubao wenye vibanio. Aliyetaka kuwasha rimoti ilimpasa kwanza akachukue kibanio cha namba yake. Akisahau, na mwingine akiwa majini kwa masafa yale yale, chombo kimoja kingekuwa na manahodha wawili. Na sisi Waswahili tulishasema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Siku hizi rimoti hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na kila rimoti hufungamanishwa na kipokezi chake peke yake. Taabu iliyobaki ni kwamba mawimbi ya masafa hayo hayapenyi majini. Antena ni lazima iwekwe juu ya usawa wa maji, la sivyo chombo kitamwacha mwenyewe akibonyeza vijiti bila ya jawabu.

Shangazi alikuwa kimya muda wote huo. Alichokuwa akikitazama ni tanga. Aliinama, akalipapasa kwa vidole viwili, akafuata mshono mmoja mpaka mwisho, kisha akaita.

“Hili halikukatwa kipande kimoja,” akasema. “Hapa wameunga, na mshono wenyewe umepindwa kidogo. Muulize, wamepinda kwa kusudi?”

Mzee aliposikia swali hilo limetafsiriwa, alisimama kitini. Akasema kwamba watu huja miaka wasiulize hilo. Tanga la chombo kile limeungwa kwa vipande vinne, na kingo za kuungia zimekatwa kwa mviringo mdogo mno, ili zikishaunganishwa kitambaa kiwe na tumbo. Tanga lililo bapa kabisa halizalishi nguvu ya kutosha, na lenye tumbo kubwa mno hukilaza chombo badala ya kukipeleka mbele. Shangazi alitikisa kichwa kwa kuafiki. “Ni kama kutoa kifua cha gauni,” akatwambia. “Ukipinda kwa unene wa uzi tu, nguo inabadilika.” Kwa robo saa wakaongea wawili hao juu ya mishono, na mwenyeji wetu akahangaika kutafsiri maneno ya ushonaji ambayo hakuyajua kwa lugha yoyote.

Kisha mashindano yakaanza. Vyombo vilikuwa vinane. Maboya yalikuwa yametegwa majini kwa umbo la pembetatu, na sauti iliyorekodiwa ikahesabu dakika mbili za mwisho, huku vyombo vikizungukazunguka nyuma ya mstari, kila kimoja kikitafuta kuuvuka mara tu hesabu itakapokwisha. Kwenda kwenye boya la kwanza ilikuwa ni dhidi ya upepo, nalo haliendewi moja kwa moja. Ni lazima kubisha: chombo kinakwenda mshazari upande huu, kinageuka, kinakwenda mshazari upande ule. Katika kubisha huko vyombo hukutana uso kwa uso, na kanuni ni ile ile ya vyombo vikubwa: kinachopata upepo kwa ubavu wake wa kulia kina haki ya njia, na kinachoupata kwa ubavu wa kushoto sharti kipishe.

Jambo lililotushangaza ni kwamba hapakuwa na refa mwenye filimbi. Manahodha wanane walisimama bega kwa bega ukingoni, nao ndio walioamua. Kanuni za mashindano ya tanga zina msingi wa namna yake: anayekosea anatakiwa ajiadhibu mwenyewe, papo hapo. Aliyemgonga mwenziwe asiye na hatia, au aliyegusa boya, atajitoa pembeni na kukizungusha chombo chake mzunguko mmoja kamili, kisha ndipo aendelee. Mwenye kudhulumiwa anaweza kutamka malalamiko yake. Lakini boya la mbali lilikuwa mwendo mrefu kutoka tuliposimama, na kwa umbali huo hata macho makali hayawezi kupambanua kama chombo kimepita na nafasi ya shibiri au kimegusa.

Yule binti alikuwa ameshinda duru mbili, na mwingine, mwanamume wa makamo mwenye ustadi mkubwa, ameshinda mbili. Duru ya tano ndiyo iliyokuwa ya kukata. Mzee alikuwa ametuambia, bila ya kulalamika, kwamba baada ya msimu huo hatajenga tena. Anayoweza kuyafanya kwa kupapasa yamekwisha. Namba 41 ilitangulia mapema. Ililifikia boya la mbali ikiwa mbele ya wote, ikageuka, tanga likafunguka, ikaanza kurudi na upepo nyuma yake. Sisi tulikwisha kuanza kupiga makofi.

“Nimegusa boya,” binti akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Manahodha waliokuwa karibu naye waligeuka kumtazama, kwa kuwa hapakuwa na yeyote aliyelalamika. Namba 41 ikatoka kwenye njia, ikageuza omo kupita katika upepo, ikaendelea kuzunguka mpaka tezi nayo ikapita katika upepo, ikarudi katika mwelekeo wake. Mzunguko ule ulichukua sekunde chache. Ulitosha vyombo viwili kupita. Binti alimaliza wa tatu, na ushindi wa siku ukaenda kwa mwingine.

Mzee hakuwa ameona chochote. Alimwuliza mjukuu wake, “Umegusa kweli?”

“Boya lilitikisika,” binti akajibu.

“Basi ulizunguka vizuri,” mzee akasema. “Sasa kakitoe majini kabla baridi haijazidi.”

Mambo yakaishia hapo. Hapakuwa na hotuba wala aliyemsifu. Yule aliyeshinda alikuja kumpa mkono, kisha wakasaidiana kukikausha chombo kwa taulo. Kwa watu wale, tuliloliona lilikuwa ni desturi ya mchezo. Lakini Shangazi alimvuta mwenyeji wetu kando.

“Nani aliyemwona?” akauliza.

“Hakuna, Shangazi.”

Akanyamaza, halafu akawageukia watoto. “Mmesikia?” akawaambia, wala hakuongeza neno.

Saa saba ilipopita kidogo, adhuhuri ikawa imeingia. Tulitandika miswala yetu juu ya majani chini ya mti, mbali na njia. Watoto walidhani kwamba kwa kuwa tuko magharibi ya dunia, kibla kitakuwa mashariki. Kumbe kutoka San Francisco njia fupi ya kuelekea Makka hupanda juu ya mgongo wa dunia, na kibla chake ni kaskazini kwa kuinamia mashariki kidogo. Kutoka Dar es Salaam nako kibla ni kaskazini, takriban moja kwa moja. Kwa hiyo baada ya safari ndefu kiasi kile tulijikuta tumeelekea karibu upande ule ule tunaoelekea nyumbani. Wapita njia walitupisha kimya kimya. Mbwa mmoja alitaka kukaribia, na mwenyewe akamzuia kwa kamba.

Wakati tunakula mkate na tende, tulilirudia swali la asubuhi. Shangazi hakukubali yote. Alisema kwamba mchezo ule ni wa wenye nafasi, kwamba miezi ya jioni na fedha za epoksi na winchi zingeweza kumsomesha mtoto wa mtu, na kwamba mwanamume anayeshinda ziwani kila Jumamosi sharti aulizwe nani amemwachia nyumba. Hatukuwa na la kumpinga. Mchezo wowote ukizidi kipimo chake hugeuka kuwa bwana wa mtu. Tulilomjibu ni hili: mzee yule na mjukuu wake wamekaa meza moja kwa majira mawili ya baridi, bila ya simu katikati yao, wakingoja gundi ikauke. Katika kungoja huko ndimo binti alimofundishwa kukiheshimu chombo na kanuni zake. Duru ya tano ilionyesha tu kile kilichokwisha kujengwa.

Na kwa kuwa wazazi wengi wakisikia neno mashindano hukumbuka kamari, tuseme wazi kwamba hatukuona mtu yeyote akiweka fedha juu ya chombo chochote. Hicho nacho ni kipimo ambacho mzazi anapaswa kukikagua popote pale kabla ya kumruhusu mwanawe. Mchezo uliotiwa dau una watu wenye haja ya kuficha boya lililotikisika.

Kwa familia zitakazojaaliwa kufika San Francisco, kulitazama ziwa hilo hakuna malipo. Basi la namba 5 hupita katika barabara ya Fulton, ubavuni mwa bustani, na ziwa liko karibu na makutano ya barabara hiyo na ile ya 36. Nendeni na nguo nzito hata kama ni Julai. Asubuhi maji huwa shwari zaidi, na alasiri upepo huja kwa nguvu. Kasa wadogo huota jua ukingoni, na watoto watawapenda, wasiwatupie mkate. Wenye vyombo ni wakarimu kwa wanaouliza, ila msiwasemeshe wakati hesabu ya kuanzia inaendelea.

Kwa familia zisizo na safari hiyo, ambazo ndizo nyingi, mambo yenyewe hayako mbali. Watoto wa pwani yetu, kutoka Lamu hadi Kilwa, wanajua tangu zamani kuchonga kingalawa cha ubao mwepesi au cha kandambili iliyochakaa, kukitia matengo ya vijiti na tanga la kitambaa, na kukikimbilia majini maji yanapokupwa. Hakina redio, na hakiihitaji. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima wa kukaa karibu: babu anayejua namna ya kuchonga omo, baba wa kushika kisu mahali panapohitaji mkono mkubwa, mama wa kuonyesha mshono. Wazee wenye maarifa hayo bado wapo, lakini macho yao hayatangoja. Anayetaka kuanza achague maji ya kina kifupi, asimwache mtoto peke yake, akubaliane na watoto kanuni tatu au nne kabla ya kushua, na miongoni mwazo iwepo ile ya mwenye kosa kusema mwenyewe.

Watoto wetu wamekwisha kuanza chao tangu tuliporejea. Ni cha ubao wa sanduku, urefu wake ni sentimita 60, na kimeinama kidogo upande wa kushoto kwa sababu farumi yake haijakaa sawa. Tanga la kwanza walilikata wenyewe kutoka katika mwavuli uliovunjika, likawa bapa. Shangazi amelichukua kwenda nalo kwenye cherehani, na ameahidi kulirudisha Alhamisi, inshaallah, likiwa na tumbo.